Ofisi nzima inaprinti kupitia WhatsApp yangu. Nisaidieni simu zao ziione mashine

Karani_wa_Bandarini · Jumatatu, saa 2:40 asubuhi

Wakuu, habari za asubuhi.

Mimi ni karani kwenye ofisi ya uwakala wa forodha hapa Dar, tupo watu kumi na wanne. Kazi yetu mnaijua: nusu ya vijana wanashinda bandarini, nusu iliyobaki inashinda kwenye foleni. Kompyuta za mezani zipo nne tu, wengine wote ofisi yao ni simu.

Sasa kila karatasi inayotakiwa kutoka inapita kwangu. B/L (hati ya shehena), DO (hati ya kuruhusu mzigo utolewe), TANSAD (tamko la forodha), ankara, pasipoti ya mteja, barua ya benki. Mtu anaipokea kwenye simu yake, ananirushia WhatsApp, "dada nitolee nakala tatu", naifungua kwenye kompyuta, naprinti, nabana pini, namwekea mezani. Mwezi uliopita nilifiwa na baba mdogo nikaenda Tanga siku nne. Watu wako msibani, mimi nimejificha nyuma ya banda la kuku namwelekeza mtu kwa simu jinsi ya kuipata WhatsApp yangu kwenye kompyuta ya ofisi. Kontena moja likachelewa kutoka kwa sababu ya karatasi mbili. Bosi hakunisema, ila aibu niliiona.

Mashine tunazo mbili. Kyocera ECOSYS M2040dn iko chumba cha nyuma, ndiyo ya kazi nzito. Epson L3250 ya wino iko mapokezi. Wi-Fi ipo. Nimejaribu kwa simu yangu ya Android na kwa iPhone ya bosi: Epson inaonekana vizuri, Kyocera haionekani kabisa. Na Epson tukiivamia wote, wino hautamaliza mwezi.

Naomba maelezo ya lugha nyepesi, mimi si mtu wa kompyuta. Natanguliza shukrani.

Chapa_Ilale · saa 2:51 asubuhi

Kwanza pole kwa msiba. Pili kadai mshahara wa pili, maana hapo ofisini draiva ya printa ni wewe.

Nyundo_ya_Mwanza · saa 3:05 asubuhi

Dada hiyo ndogo. Tumia Google Cloud Print. Mimi mwaka 2016 nilikuwa naprinti niko Mwanza, karatasi inatokea Dar.

Fundi_Swichi · saa 3:11 asubuhi

Mkuu Nyundo, huyo marehemu umemfufua wewe. Google waliifunga tarehe 31 Desemba 2020. Dada asipoteze muda kuitafuta.

Nyundo_ya_Mwanza · saa 3:14 asubuhi

Duh. Kumbe ndiyo maana.

Mzee_wa_Katriji · saa 3:30 asubuhi

M2040dn haina Wi-Fi. Simu haiwezi kuiona hata ukiiombea. Uzeni hiyo mnunue yenye Wi-Fi, kesi iishe.

Fundi_Swichi · saa 3:48 asubuhi

Mzee wangu, hapo kwanza uko sahihi, hapo mwisho hapana. Kwa wasiojua, zile herufi ndogo nyuma ya jina la printa zina maana: d inatoa pande mbili za karatasi yenyewe, n ina tundu la kebo ya mtandao, w ina Wi-Fi. Kwa hiyo "dn" kweli haina Wi-Fi. Lakini simu haihitaji printa yenye Wi-Fi, inahitaji printa iliyo kwenye mtandao mmoja nayo. Printa ikae kwenye kebo, simu ikae kwenye Wi-Fi, mradi vyote vinarudi kwenye mzizi mmoja. Tena mimi ofisi ikiwa na mashine moja kubwa napenda iwe kwenye kebo, Wi-Fi ya printa ndiyo inayoniitisha Jumamosi.

Na hiyo M2040dn inajua AirPrint na Mopria kutoka kiwandani. Haikosi kitu.

Dada Karani, nitajie namba mbili tu. Kwenye simu, ingia mipangilio, Wi-Fi, gusa jina la Wi-Fi mliyounganishwa nayo, utaona anwani ya IP, yaani namba inayoitambulisha kwenye mtandao. Halafu kwenye Kyocera ingia menyu ya mfumo, sehemu ya ripoti, toa ukurasa wa hali ya mashine, nao utakuwa na anwani yake ya IP.

Karani_wa_Bandarini · saa 5:20 asubuhi

Samahani kwa kuchelewa, kulikuwa na foleni ya "dada nitolee".

Simu yangu: 192.168.8.105
Kyocera: 192.168.1.50
Nimeangalia na Epson: 192.168.8.112

Fundi_Swichi · saa 5:31 asubuhi

Basi jibu umejipa mwenyewe. Angalia ile namba ya tatu. Simu na Epson ni 8, Kyocera ni 1. Hapo kuna mitaa miwili, yaani mitandao miwili tofauti, ingawa mmepakana ukuta. Na hiyo 192.168.8 inanukia rauta ya laini ya simu, za Huawei nyingi hutoka kiwandani hivyo. Hapo mapokezi hakuna kirauta kidogo chenye laini?

Karani_wa_Bandarini · saa 5:36 asubuhi

Kipo!! Bosi alikinunua kwa ajili ya wateja wanaosubiri. Wi-Fi ya modemu ya nyuma ilikuwa haifiki mapokezi, basi na sisi tukahamia humo humo.

Fundi_Swichi · saa 6:24 mchana

Nieleze taratibu, maana naona wengi humu wana ugonjwa huu na wanaishia kupakua apu kumi.

Simu ikitaka kuprinti haina orodha ya printa kichwani. Inapiga mbiu: "Jamani, mtaa huu kuna printa?" Mbiu hiyo inakwenda kwenye anwani maalumu, 224.0.0.251, mlango 5353. Printa zilizo mtaani zikisikia zinajibu: mimi naitwa fulani, napatikana mlango 631, natoa pande mbili, rangi sina. Simu inachagua, inatuma kazi. Apple waliiita AirPrint, ipo tangu iOS 4.2 ya Novemba 2010. Kwa Android kuna Mopria, umoja ulioanzishwa 2013 na Canon, HP, Samsung na Xerox, na tangu Android 8 kazi yao imo ndani ya simu, hupakui kitu. Majina ni mawili, ila mbiu ni hiyo moja na lugha ya kuongea na printa ni hiyo moja, inaitwa IPP. Ndiyo maana simu haidai draiva (programu ya kuongea na printa ya aina fulani) kama kompyuta za zamani zilivyokuwa zinadai sidii.

Tatizo ni kwamba mbiu haivuki rauta. Imetungwa hivyo makusudi, la sivyo simu yako ingekuwa inasikia printa za mji mzima. Simu zenu zinapiga mbiu kwenye mtaa wa 8, Epson inaitika kwa sababu ni jirani. Kyocera iko mtaa wa 1, hata sauti haiisikii. Apu ya Kyocera ukiipakua itapiga mbiu hiyo hiyo na itarudi mikono mitupu, kisha mtasema apu mbovu.

Dawa yake. Nunueni akses pointi moja (kifaa cha kusambaza Wi-Fi kutoka kwenye kebo), bei yake haifiki ya tona orijino. Vuteni kebo kutoka kwenye swichi (kile kisanduku cha kebo za mtandao) ambayo Kyocera imechomekwa, iende hadi mapokezi, ichomeke kwenye akses pointi. Ipeni jina lake na nywila yake, wafanyakazi wote wahamie hapo. Epson nayo muihamishe, ila hiyo inashika mawimbi ya 2.4 GHz tu, kwa hiyo msiyazime. (Simu ikiwa kwenye 5 GHz na printa kwenye 2.4 za kifaa hicho hicho hakuna shida, bado ni mtaa mmoja. Watu wanapenda kulaumu hapo bure.) Kirauta cha laini kibaki cha wateja kama bosi alivyokusudia. Mteja hana sababu ya kuiona mashine yenu.

Kama kuna rauta ya zamani kabatini msinunue. Kebo iingie kwenye tundu la LAN, siyo la WAN. Zimeni DHCP yake (ugawaji wa anwani), ipeni anwani isiyogongana na ya mwingine, kwa mfano 192.168.1.2 kama haijachukuliwa. Ikigawa anwani zake yenyewe itatengeneza mtaa wa tatu na mtarudi hapa kulia.

Jambo la mwisho: akses pointi nyingine zina kipengele cha kuzuia vifaa vya Wi-Fi visionane. Kwa wageni ni kizuri sana. Kwa wafanyakazi kizimeni.

Bint_Pwani · saa 6:40 mchana

Nimesoma hili nikiwa ofisini Unguja nikacheka peke yangu. Sisi tumekaa miezi mitatu tunalaumu printa. Kumbe Wi-Fi tuliyopewa wafanyakazi ni ile ya wageni. Ahsante sana kaka.

Mhandisi_Mkavu · saa 7:15 mchana

Fundi kaeleza vizuri ila tusiwadanganye watu kwamba mbiu ndiyo njia pekee. Kwa Android unaweza kuingiza printa kwa anwani yake ya IP moja kwa moja. Kwenye mipangilio tafuta sehemu ya kuchapisha, fungua huduma ya kuchapisha, kuna pa kuongeza printa kwa anwani. Ikiwa rauta inaruhusu njia kati ya mitaa miwili, inaprinti bila mbiu.

iPhone ndiyo yenye kiburi. Hiyo haina pa kuandika anwani kabisa. Ukitaka kuilazimisha unatengeneza faili la wasifu lenye anwani ya printa na njia yake, mara nyingi "ipp/print", kisha unalisakinisha kwenye simu moja moja. Kampuni yenye simu 200 itafanya. Ofisi ya watu kumi na wanne ivute kebo.

Sehemu kubwa kama chuo au hospitali, ambako mitaa imetenganishwa kwa sababu za usalama, kuna programu za kuibeba mbiu kutoka mtaa huu kwenda ule. Avahi inafanya hivyo bure kwenye Linux (mfumo wa kompyuta kama Windows, ila wa bure), kampuni ya PaperCut nao wana Mobility Print, nayo bure, inakaa kwenye kompyuta moja ya ofisi. Dada hahitaji hata moja ya hizo leo.

Halafu, printa ikiingizwa kwa anwani, anwani isibadilike. Umeme ukikatika ukarudi, rauta inaweza kuipa namba nyingine na simu zote zikabaki zinabisha hodi kwenye nyumba isiyo na mtu. Ingia kwenye rauta uifungie printa namba yake.

Duka_la_Dawa · saa 8:02 mchana

Samahani kuingilia uzi. Mimi nina printa ndogo ya risiti ya Bluetooth, karatasi ya 58 mm. Kutoka kwenye simu maneno yanakatika katikati, "PARACETAM" mstari huu, "OL" mstari unaofuata. Hii nayo ni mitaa?

Fundi_Swichi · saa 8:10 mchana

Hapana mkuu, hiyo ni ukoo mwingine. Hizo haziongei IPP, zinaongea ESC/POS, lugha iliyoanzishwa na Epson. Karatasi ya 58 inabeba herufi 32 kwa mstari kwa maandishi ya kawaida. Apu yako nadhani imepangwa kwa karatasi ya 80, yenye herufi 48. Badilisha upana ndani ya apu.

Mhasibu_Mpole · saa 8:13 mchana

Na asijisahau. Kikaratasi hicho ni kumbukumbu tu, si risiti ya EFD, ile mashine ya kodi. Mteja akidai risiti mpe ya EFD.

Duka_la_Dawa · saa 8:15 mchana

EFD ninayo mkuu, usinichomee.

Saiba_ya_Mombasa · saa 10:30 jioni

Salamu kutoka Mombasa. Mimi nina saiba, duka la kompyuta na intaneti, na riziki yangu ni hizo simu mnazozisema. Mtu anakuja na cheti cha PIN ya kodi cha KRA, fomu ya serikali ya eCitizen, barua ya kuomba kazi, vyote viko kwa simu.

Niwape kitu kimoja nilichojifunza kwa kulipa karatasi za watu: usikubali faili la Word litoke kwa simu moja kwa moja. Barua imeandikwa vizuri kwa kompyuta kwa Calibri, simu haina Calibri, inaweka herufi zake. Mistari inasogea, sahihi inaenda ukurasa wa pili peke yake, mteja anasema mashine yangu ni mbovu na hataki kulipa. Siku hizi nasema: kwanza igeuze iwe PDF kule ilikoandikwa, ndiyo uje. PDF haisogei.

Na picha za WhatsApp! Mtu anapiga picha ya kitambulisho, anatuma kama picha, WhatsApp inaibana, namba hazisomeki. Tuma kama dokumenti. Picha ni ile ile lakini inafika ikiwa nzima.

Karani_wa_Bandarini · saa 11:05 jioni

Kaka wa Mombasa, umenisaidia bila kukuomba. Wiki jana afisa alikataa B/L akisema haisomeki, mimi nikailaumu tona.

Sasa swali la vijana, wamenituma. Wakiwa bandarini wanataka wabonyeze kuprinti, wakifika ofisini wakute karatasi ziko tayari. Mmoja anasema rafiki yake anaweza "kufungua mlango" kwenye modemu ili Kyocera ionekane kutoka popote. Niruhusu?

Mhandisi_Mkavu · saa 11:09 jioni

USIRUHUSU.

Fundi_Swichi · saa 11:26 jioni

Nakubaliana na Mkavu na herufi zake kubwa. Printa iliyofunguliwa intaneti nzima ni mlango wa uani uliowekewa kibao "karibuni". Mwishoni mwa 2018 kuna mtu alitafuta printa zilizoachwa wazi duniani, akadai amezifikia 50,000, akazitolea karatasi za kuwahimiza watu wamfuate PewDiePie wa YouTube. Huyo alikuwa anatania. Mwingine asiyetania ataanza kusoma kinachopita humo.

Njia mbili za heshima. Ya kwanza ni VPN: simu ya kijana inaingia kwenye mtandao wa ofisi kwanza, ndipo inaprinti. WireGuard, programu mojawapo ya VPN, ni nyepesi na bure, ila inataka mtu wa kuisimika, na mbiu huwa haipiti humo, kwa hiyo Android waingize anwani kwa mkono. Ya pili, ile Epson yenu ina huduma ya barua pepe: unaisajili, inapewa anwani yake, kijana anatuma PDF kama kiambatisho, karatasi inatoka. Ndani yake weka orodha ya wanaoruhusiwa kutuma, wengine wote wakataliwe. Kwa karatasi mbili tatu za dharura hiyo inatosha. Kwa mzigo wa kila siku wasubiri wafike, si wanakuja ofisini hao?

Hajui_IT · saa 12:48 jioni

Na sisi wa ofisi ya meza moja ambao mtandao wetu ni hotspoti ya simu?

Chapa_Ilale · saa 12:55 jioni

Mimi ni huyo huyo. Printa yangu naiunganisha na hotspoti, halafu simu inayotoa hotspoti inaprinti, na ya msaidizi wangu iliyo kwenye hotspoti hiyo inaprinti pia. iPhone za kuanzia 12 kuna swichi ya kuongeza upatanifu kwenye ukurasa wa hotspoti, iwashe, bila hiyo printa za 2.4 GHz hazioni kitu. Au washa Wi-Fi Direct ya printa, simu inaunganisha nayo yenyewe kwa yenyewe. Ila badilisha nywila. Printa nyingi za zamani zilikuja na 12345678. Jengo letu kuna mtu ghorofa ya juu alikuwa ananiprintia picha za Simba kila wakishinda, mimi ni Yanga.

Nyundo_ya_Mwanza · saa 1:20 usiku

Hahahaha huyo ni ndugu yangu.

Mimi printa yangu ni ya USB tupu, Epson L3210. Nimekwisha?

Fundi_Swichi · saa 1:41 usiku

Hujaisha. Kama ni simu moja, nunua kichomeo cha OTG (cha kuchomeka waya wa USB kwenye simu), tumia apu kama NokoPrint, simu inaongea na printa kwa waya. Kama ni watu wengi, tafuta kompyuta kuukuu, weka Linux yenye CUPS (programu ya kuprinti) na Avahi, chomeka printa, ruhusu kushirikisha. iPhone na Android zote zitaiona kama printa ya kisasa. Kushirikisha kule kwa kawaida kwa Windows simu haikujui, watu wengi wanakwama hapo.

Mhasibu_Mpole · Jumanne, saa 4:10 asubuhi

Nyote mmeongelea jinsi karatasi inavyotoka. Mimi niongelee inapoangukia.

Ofisi niliyokuwa zamani tuliwekewa kuprinti kwa simu, wote tukashangilia. Nikiwa kwenye daladala, Wi-Fi ya ofisi ikaishika simu tukiwa getini, nikabonyeza kuprinti orodha ya mishahara ya mwezi, nikijua nikiingia nitaikuta. Kushuka, salamu na mlinzi, ngazi, dakika saba. Nafika, trei iko tupu. Karatasi zilikuwa zimeshachukuliwa pamoja na kazi ya mtu mwingine, na mchana dereva mmoja akamuuliza mwenzake kwa sauti kwa nini anamzidi elfu arobaini. Sitaki kukumbuka kikao kilichofuata.

Zamani aliyeprinti alikuwa amekaa hatua tano kutoka kwenye mashine. Simu imemwondoa hapo, karatasi imebaki peke yake. Kwa hiyo, Karani, kabla hujawakabidhi watu kumi na wanne, muulize Fundi habari za PIN.

Halafu kuna hiyo simu yako. Pasipoti za wateja, TIN, barua za benki, za miaka mingapi zimelala kwenye WhatsApp yako binafsi? Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ni ya 2022 na imeanza kutumika Mei 2023. Siku simu hiyo ikiibiwa Kariakoo, atakayeulizwa ni ofisi, lakini atakayelia ni wewe.

Karani_wa_Bandarini · saa 4:22 asubuhi

Mhasibu umenitisha kweli. Nimeangalia sasa hivi, faili za WhatsApp kwenye simu yangu ni GB 23. Mimi nilidhani ni video za harusi.

Fundi_Swichi · saa 4:50 asubuhi

PIN ipo. Wa Android wapakue programu ya Mopria Print Service, ina sehemu ya kuweka PIN kama mashine inaikubali. Kazi inakaa ndani ya mashine, haitoki mpaka mwenyewe aje abonyeze namba. Kwenye Kyocera hiyo inaingia kwenye sanduku la kazi, na inabidi kutenga sehemu ya kumbukumbu kwanza, mwambieni fundi wenu aiwashe. Jaribuni kwa simu mbili kabla ya kutangaza. iPhone zikigoma, orodha ya mishahara itolewe kwenye kompyuta, hakuna dhambi.

Karani_wa_Bandarini · Jumatano ya wiki iliyofuata, saa 3:15 asubuhi

Wakuu, nimerudi na mrejesho.

Kebo imevutwa Ijumaa, akses pointi iko juu ya kabati la mapokezi. Kyocera ilitokea kwenye simu yangu ndani ya sekunde kama tano. Bosi alipoiona kwenye iPhone yake alitoa kurasa za gazeti, kurasa nne, bila sababu, kufurahi tu. PIN imekubali kwa Android, wahasibu wanaitumia.

Jumatatu asubuhi mambo yakaharibika. Mashine imejaa A4, inapiga kelele inadai karatasi. Tukafungua trei, tukafunga, tukazima, tukawasha, inaendelea tu. Nyuma kazi za watu tisa zimepanga foleni na mlango umejaa watu wananitazama mimi.

Saiba_ya_Mombasa · saa 3:19 asubuhi

Letter! Kuna mtu ana simu ya Marekani hapo.

Karani_wa_Bandarini · saa 3:33 asubuhi

Umejuaje?! Kijana wetu mmoja simu aliletewa na shemeji yake kutoka Houston. Tuligundua saa tano, baada ya kufuta kazi moja moja.

Saiba_ya_Mombasa · saa 3:41 asubuhi

Imenila mwaka mzima hiyo. Simu ikipangwa eneo ni Marekani inaomba karatasi ya Letter, milimita 216 kwa 279. A4 ni 210 kwa 297. Letter ni pana kidogo na fupi, mashine inaona haitoshi, inasimama, na wote walio nyuma wanasimama nayo. Abadilishe eneo kwa simu yake, au kila akiprinti achague A4.

Fundi_Swichi · saa 3:52 asubuhi

Na kwenye Kyocera kuna kipengele cha kuiambia ichukulie A4 na Letter kuwa kitu kimoja. Kiwasheni. Msiitegemee nidhamu ya mtu mwenye simu mpya.

Mzee_wa_Katriji · saa 4:30 asubuhi

Karani, na karatasi je? Rimu zinaendaje?

Karani_wa_Bandarini · saa 5:02 asubuhi

Mzee wangu, hapo umegusa kidonda. Jana nilikuta kwenye trei kadi za mchango wa harusi, nyeusi na nyeupe, nakala hamsini. Hakuna aliyekiri. Nimezisoma, bwana harusi simjui, kamati siijui. Nimezibandika ukutani juu ya mashine, mwenyewe akitaka azichukue mbele za watu.

Chapa_Ilale · saa 5:06 asubuhi

Umetoa mchango?

Karani_wa_Bandarini · saa 5:09 asubuhi

Nimeshatoa, karatasi hamsini na tona.

Ila kusema kweli nimepumzika. Jana nimekula chakula cha mchana hadi mwisho, simu iko kimya. Amebaki mtu mmoja tu, mzee wetu wa kaunta, yuko hapa tangu ofisi inafunguliwa. Nimemfundisha mara tatu, kila mara anaitikia "nimeelewa mwanangu". Leo asubuhi kakaa mita mbili kutoka kwenye mashine, simu yangu ikalia. PDF, na ujumbe: "Mwanangu, nitolee nakala mbili."

Nimemtolea.